Mahali ya Laker

Mgeni aliyetarajiwa mchana alifika asubuhi. Alitarajiwa kwa gari, akaja kwa miguu. Alitarajiwa pamoja na wazee waliovaa kanzu na makoti, akaja peke yake na gunia kichwani. Mtu mwingine yeyote wa Kansanga angemuuliza walau jina kabla ya kumfungulia geti. Lakini Goretti Abalo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu namna ya kuuliza na namna ya kujibu, hakuuliza kitu. Alifungua geti lote, pande zote mbili, kama vile gunia lile lilikuwa lori.

"Wewe ndiye uliyeniandikia?"

"Ndiyo, nyabo. Mimi Abudu. Nyinyi ndiyo munajibu maswali?"

"Ndiyo sisi."

"Mungu awabaliki. Mulinijibu halaka sana."

Goretti alimpokea mzigo mwenyewe. Aliupima kwa mikono, akauona mwepesi, akajiambia kwamba watu wenye uwezo siku hizi hawabebi vitu vizito, wanatuma kwa simu. Akamwongoza mgeni hadi kwenye kiti kikubwa zaidi kati ya viti alivyoazima kwa jirani yake Rukiah. Rukiah alivitoa kwa sharti la kuambiwa shughuli ni ya nini. Aliambiwa ni wageni tu, na jibu hilo lilimtosha kabisa kuutangazia mtaa mzima kwamba Laker anaolewa.

"Ukishafika hapa umefika, baba," Goretti alisema. "Hutatoka nyumbani kwangu bila kupata ulichofuata. Hilo nakuahidi."

Aliyatamka maneno hayo kama watu wanavyosema karibu tena. Hakujua kwamba kuna watu duniani ambao wakiahidiwa kitu huamini.

Mume wake, Ongom, alikuwa ameketi ndani ya koti lake la zamani. Alikuwa sajini wa polisi hadi alipostaafu. Sasa alilinda mlango wa duka moja kubwa, akipekua mifuko ya watu walionunua mkate. Alimsalimu mgeni kwa Kiswahili chake cha kambini, akarudi kimya, maana mkewe alikuwa amemwagiza awe na heshima, na heshima aliyokuwa nayo ilitosha tu kama akinyamaza.

Laker, binti yao wa pekee, alitoka ndani na birika la maji ya kunawa. Alikuwa amevalishwa gomesi mojawapo ya mama yake, gauni refu la sherehe, na kuambiwa tu kwamba kuna wageni wa heshima. Alikuwa na shahada ya mipango miji, na tangu ahitimu mpango wa pekee aliopewa ni kupanga viatu katika duka la shangazi yake. Alipiga magoti mbele ya mgeni. Abudu aligeuka kuangalia nyuma yake, aone ni nani anayepigiwa magoti. Hakuona mtu, akanawa haraka haraka.

Chakula kililetwa: matoke, wali, mchuzi wa njugu, na kuku mzima ambaye jana alikuwa bado akitaga. Abudu alikula polepole, akiushika kila mfupa kwa adabu. Goretti alimvumilia mpaka alipoona paja la kuku limekwisha.

"Na wenzako? Tuliwangojea wengi."

"Wenzangu bado wako ndani, nyabo."

Goretti alichungulia nje ya geti. Hakuona gari. "Waambie watoke basi, chakula kinapoa."

"Wangependa sana," Abudu alisema, akiitazama sahani.

Ongom aliacha kutafuna. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuwaweka watu ndani, na neno hilo alilijua hata likinong'onwa. "Ndani gani, ssebo?"

Abudu alikwisha kumtambua kwa jinsi alivyokaa kitini. "Jela, afande."

Goretti alijishika shavu. Abudu, akidhani ni kwa huruma, alifuta vidole, akamgeukia Laker aliyekuwa bado amepiga magoti na birika lake.

"Dada, Ojera anakusalimia sana. Mimi nilizani umekonda. Yeye analia kila siku, dada yangu anateseka, dada yangu anakonda. Kumbe uko muzuri hivi."

"Ojera ni nani?" Laker aliuliza.

"Ojera. Kaka yako."

"Mimi sina kaka."

Abudu alicheka kidogo, kisha aliona kwamba anacheka peke yake. Akaanza kueleza upya, safari hii akimweleza Ongom, kwa sababu mtu aliyekaa jela humweleza polisi hata pale asipoulizwa. Alikuwa ametoka gerezani Jumanne, nje ya mji. Rafiki yake wa kulala mkeka mmoja, Ojera, amebaki. Wenzao humwita Ojela, kwa utani. Baba yao, mzee Ongom, alikuwa mwanajeshi na amekwisha kufariki. Amebaki dada mmoja tu, Laker, aliyekuja Kampala kumtafuta. Ojera alihamishwa kutoka gereza moja hadi jingine, naye dada akapoteza njia. Jumatatu kesi inasomwa. Hakimu alisema akimwona ndugu wa kumdhamini atamwachia. Asipomwona, Ojera anarudi alikotoka.

"Nilimwapia," Abudu alisema. "Mimi ni mutu ya Kibuli, kwetu ni pale chini ya musikiti. Nilimwambia silali kwetu kabla sijamuona dada yako. Mupaka leo sijalala kwetu."

Jina la mume wa Goretti lilikuwa Ongom. Jina la binti yake lilikuwa Laker. Watu wa kaskazini walioko Kampala wenye majina hayo ni wengi kama vibanda vya simu, na Goretti alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Laker aliweka birika chini. "Mama, huyu baba alikuandikia nini hasa?"

"Mambo ya kawaida."

"Nipe simu."

Alisoma kwa sauti, na hakupunguza hata herufi. "*Habali nyabo. Natafuta mahali ya Laker mutoto ya muzee Ongom. Niko na muzigo yake. Naomba mujibu halaka.*" Aliinua macho. "Na wewe ukamjibu aje Jumamosi na wazee wake."

"Ameandika habali," Goretti alijitetea. "Ameandika halaka. Mtu anayeandika habali na halaka, akiandika mahali anataka kusema nini? Mahari. Mtu anakuja na mzigo wa Laker, anauliza mahari ya Laker. Wewe ungesomaje?"

"Ningesoma mahali, Mama."

Katika ujumbe ule wote, kati ya maneno ambayo ulimi wa Kampala huyachanganya, Abudu aliandika moja tu sawasawa. Ndilo hilo Goretti alilolisahihisha.

Ongom alijaribu kuwa na heshima, ikamshinda. Alicheka mpaka koti likafunguka. "Afande wa simu," alisema, "umemvalisha mtoto gomesi kwa ajili ya swali la njia."

Laker alisimama, akaingia ndani. Alirudi baadaye akiwa na suruali, na gomesi ikiwa imekunjwa vizuri mno, kama vitu vinavyokunjwa na mtu asiyetaka kulia.

*

Hapa lazima Goretti apewe haki yake. Kundi la simu la Ulizeni Mjibiwe, kabla hajalishika, lilikuwa kama makundi mengine yote. Mtu akiuliza wapi atapata fundi wa bomba, alijibiwa kwa dua. Akiuliza mtoto ana homa afanye nini, alitajiwa majani, mafuta, na mchungaji. Wengine walijibu "hata mimi nataka kujua", wakarudi kulala wakiwa wamechangia. Mwanamke mmoja aliwahi kuuliza hospitali iliyo karibu, akaelekezwa kwenye hospitali iliyofungwa zamani, na aliyemwelekeza alijitetea kwamba yeye alitoa tu wazo.

Goretti ndiye aliyeandika kanuni. Kila swali lilipita kwake kwanza, akalisafisha: akarudisha R mahali pa R na L mahali pa L, akaondoa matusi, akaongeza nukta. Majibu yalitolewa kundini, mbele ya wote. Kujibu chumbani, yaani kumwandikia mtu pembeni, kulikuwa marufuku, kwa sababu kosa la chumbani halina wa kulisahihisha. Swali lisiloeleweka lilirudishwa kwa mwenyewe. Na ile aliyoipenda zaidi, aliyoiandika usiku mmoja akajisifu peke yake: jibu unalolijua, si unalolitamani.

Mke wa askari huhamishwa kama meza ya ofisi. Goretti alikaa katika kambi nyingi na katika zote alikuwa mke wa fulani, nyumba namba fulani. Hakuna aliyemuuliza kitu ila chumvi. Sasa watu wa Kibuli, Port Bell, hata Wakongo wa mjini waliokuwa hawajawahi kumwona usoni, walimwita Mama Msimamizi na kumwomba ruhusa kabla ya kuuliza bei ya mahindi. Ongom alicheka, lakini hata yeye alikuwa akiuliza maswali yake kwa jina la bandia.

Na Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya uchaguzi wa msimamizi. Kundi lilikuwa limekua, wakasema demokrasia iingie. Alasiri wagombea wangejibu maswali, jioni wanachama wangepiga kura. Mpinzani alikuwa Saverio, karani mstaafu, msimamizi msaidizi, mtu ambaye kwa kila swali alijibu "Swali zuri, wengine watakusaidia," na ambaye kwa sababu hiyo hakuwahi kukosea hata mara moja.

Basi swali la Abudu lilipofika Jumatano, Goretti alivunja kanuni zake zote kwa mfuatano mzuri. Hakulirudisha. Hakuliweka kundini, maana mahari ya mtoto wa mtu si ya kuanikwa mbele ya kina Saverio. Alilijibu chumbani. Na alijibu alilolitamani: kijana mmoja wa benki aliwahi kumleta Laker kwa gari siku ya mvua, na tangu siku hiyo Goretti alikuwa akiisikia honi ya gari hilo katika kila jambo.

*

"Mpe nauli aende," Ongom alisema. Walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba, karibu na manyoya ya kuku. "Swali lilikuja kwako peke yako. Futa. Nani atajua?"

"Aende wapi?"

"Alikotoka."

"Alikotoka ni jela, Baba Laker."

"Basi uliza kundini, lakini uliza kama la leo. Andika mtu anatafutwa. Usiweke hadithi yako humo."

Lilikuwa shauri zuri. Goretti alilipokea na kwenda nalo mpaka mlangoni. Kutoka pale alimwona Abudu. Alikuwa ameshuka kwenye kiti cha Rukiah, amekaa chini kwenye saruji, gunia kati ya miguu yake. Sahani yake aliiosha mwenyewe. Alipomwona Goretti alijaribu kusimama.

"Nyabo, kama nimekosea geti, munisamehe. Chakula nimesha kula. Nitatafuta tu."

"Utatafutia wapi?"

"Nitauliza watu."

Alisema hivyo bila kijembe chochote, na ndiyo maana maneno yake yalimchoma. Goretti aliketi kwenye ngazi, akatoa simu. Kulikuwa na kanuni pia kuhusu hili, kwa bahati mbaya aliiandika yeye: swali lililojibiwa vibaya likirudi kundini, lirudi pamoja na jibu lake bovu na jina la aliyelitoa, ili watu wajue lisifuatwe tena. Aliandika, akafuta. Laker alikuja akasimama nyuma yake, akasoma juu ya bega lake. Goretti akaandika tena.

"*Swali hili lilinifikia Jumatano. Nililijibu chumbani, na nilijibu nisilolijua. Nililisafisha likachafuka. Nilisoma mahari. Mwenyewe aliandika mahali, na alikuwa sahihi. Baba huyu ametembea mpaka kwangu bure. Anatafuta mahali anapokaa Laker, dada wa Ojera, binti wa marehemu mzee Ongom aliyekuwa mwanajeshi. Ni jambo la kabla ya Jumatatu. Anayejua ajibu. Asiyejua anyamaze. Goretti Abalo.*"

 Kisha Husnah, muuza nguo wa Port Bell, akaandika: Laker yule anayekaanga mukene karibu na ghati, pale Luzira? Mbona kila siku anauliza watu habari za kaka yake Ojera? Wote tunamjua.

Goretti alimsomea Abudu. Abudu alishika kichwa.

"Luzira? Lori lilinishusha Luzira alfajiri. Nimepita pale kwa ghati. Niliona moshi ya samaki, nikatamani, nikasema hapana, twende halaka Kansanga, mama ananingojea."

Kama swali lingewekwa kundini Jumatano, lingejibiwa kabla chai haijapoa. Goretti hakuhitaji mtu wa kumwambia hilo, lakini Saverio alikuwapo.

"Swali zuri," Saverio aliandika. Na baada ya muda: "Ila kwa heshima, Mama Msimamizi atukumbushe, kanuni inasemaje juu ya mtu aliyempoteza mwenzake?"

Alijua inasemaje. Wote walijua. Wengi walikuwa wamewahi kuadhibiwa nayo. Goretti aliandika polepole, kila herufi mahali pake: "Amsindikize mwenyewe mpaka afike. Kisha akae mwezi mmoja bila kuandika neno kundini. Nitafanya yote mawili, kuanzia sasa."

"Na maswali ya wagombea?" mtu aliuliza.

Hakujibu. Mwezi ulikuwa umekwisha kuanza.

*

Walipanda boda moja wote wawili, Abudu katikati akimshika dereva, Goretti nyuma akiushika mkanda wa gomesi yake kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine. Rukiah alikuwa amesimama getini kwake tangu zamani, akihesabu viti vyake kwa macho.

"Mama Laker, huyo ndiyo mukwe?"

"Ni mgeni wa swali."

"Eeh. Na amejibiwa?"

Boda iliondoka kabla Goretti hajapata la kusema, jambo ambalo lilikuwa huruma ya pekee aliyotendewa siku hiyo. Njia nzima simu ilitetemeka ndani ya mkoba wake. Abudu alimwambia, akipaza sauti juu ya injini, kwamba hajawahi kupata heshima kama ya leo, kwamba hata akirudi Kibuli akakuta ndugu zake hawamtaki, atakumbuka lile birika. Goretti aliushukuru upepo uliomtoa machozi, kwa kuwa ulimpa kisingizio.

Laker wa Luzira alikuwa mwanamke mwembamba kweli, mwenye mikono iliyokauka kwa chumvi na moto. Aliwaona wakija, akachukua karatasi ya kufungia samaki, akidhani ni wateja.

"Habali, dada," Abudu alisema. "Ojera anakusalimia."

Mwanamke yule hakulia wala kupiga kelele. Aliepua kwanza samaki waliokuwa karaini, maana wangeungua. Kisha akakaa juu ya dumu la mafuta, akasema, "Yuko hai?"

Abudu alifungua gunia. Ndani yake mlikuwa na mkeka mdogo uliosukwa kwa nyuzi za mifuko ya sukari, nyekundu na buluu. Ojera aliusuka kidogo kidogo, alieleza, na kila alipofika ukingoni alifumua na kuanza tena, ili asikose kazi. Laker aliupitisha mkono juu ya ukingo, akapata pale ambapo msukaji alikosea mstari, akatabasamu. "Ndiye," alisema. "Hata nyumbani alikuwa anakosea hapa."

Wakazungumza juu ya Jumatatu: mahakama ipi, mtu wa kumwona, karatasi za kubeba. Abudu alirudia kila kitu mara mbili. Goretti alikaa pembeni, akisikiliza mtu akijibu anachokijua. Lilikuwa jambo dogo kwa kulitazama. Hakukuwa na dua ndani yake, wala wazo. Mwanamke aliuliza, mwanamume akajibu, na Jumatatu ikawa na njia ya kuifikia.

Alipoaga, Laker alimfungia mukene, dagaa wale wa ziwani, kwenye gazeti, akakataa malipo. Hakujua yeye ni nani. Abudu alikuwa amemtambulisha tu kama mama aliyemleta.

*

Boda ya kurudia ilikuwa ikijaza mafuta, na Goretti alikuwa amesimama kando na samaki wake, alipofungua simu. Uchaguzi ulikuwa umekwisha. Saverio, kwa kukosa mpinzani, alishinda. Alikuwa ameandika: "Asanteni wote kwa kupiga kula."

Goretti aliisoma sentensi hiyo akauma mdomo.

Chini yake kulikuwa na swali la kwanza la utawala mpya. Halikuwa limesafishwa hata kidogo. Jina la muulizaji halikuonyeshwa, ingawa mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye viti vya kuazimisha. "*Ni kweli kuna mama ya Kansanga amepokea mahali ya binti yake kutoka kwa mufungwa?*"

Majibu yalikuwa yakimiminika. Mmoja alisikia ni ng'ombe. Mwingine alisikia ni gunia zima. Mwingine alisema hata yeye anataka kujua. Watatu walimwombea mama huyo. Saverio alikuwa ameandika, "Swali zuri."

Kulikuwa na mtu mmoja tu katika kundi lile aliyejua jibu, na ni mtu huyo huyo aliyejua kwamba safari hii, kwa mara ya kwanza, neno linalotakiwa ni lile lenye R. Kidole gumba cha Goretti kilitua juu ya herufi hiyo. Kikakaa hapo; mwezi wake wa kutoandika ulikuwa haujatimiza hata siku moja. Binti yake angeyasoma hayo leo usiku, na kesho shangazi yake dukani angemuuliza.

"Nyabo, twende?" dereva aliuliza.

Goretti aliizima simu, akaisukuma chini ya mukene wenye moto, akapanda.